Mtani Alivyokomboa Simu Yake

Mimi sikutaka kusimulia. Nilisema sitaki, nikarudia sitaki, na Fortunata kila nikisema anaitika "sawa bibi", halafu keshokutwa huyo yupo mlangoni na kalamu yake. Fortunata ni mjukuu wa dada yangu, mwalimu wa shule yetu hapa Miteja, na kazi aliyojitwika ni kuwasumbua wazee waeleze maisha yao, eti watoto wa shule wapate kitabu cha kusoma. Wenzangu wamesimulia na yeye akaandika. Mimi nikamwambia, haniandikii mtu. Ukiniandikia utanitia maneno ya walimu mdomoni, niwe nasema "kwa hakika" na "vilevile" kama msoma taarifa wa redioni. Mimi nilisoma ngumbaru, darasa la watu wazima chini ya bati la ofisi ya chama, na mwanangu akilia mgongoni. Herufi zangu ni kubwa na mistari yangu inapanda mlima, lakini ni yangu. Ukishindwa kuisoma, vaa miwani.

Tena anataka nianze nilizaliwa lini. Nani alikuwa na saa milimani? Haya, niyamalize hayo haraka ili anyamaze. Jina langu Kijakazi binti Pazi, Mmatumbi. Wakati wa Operesheni Vijiji tuliteremshwa kutoka milimani tukaletwa huku barabarani, tukaambiwa hapa ndipo kwenu. Mimi nikasema si kwetu. Nikaendelea kusema si kwetu mpaka mikorosho niliyoipanda ikaanza kuzaa, ndipo nikanyamaza, maana huwezi kuvuna mahali huku unapatukana. Niliolewa na Abilahi, mtu mzuri, mpole kupita kiasi, mtu wa kuomba radhi kwa mbuzi akimkanyaga. Mpole huyohuyo, siku moja akarudi kutoka Kilwa Kivinje na mke mwingine bila kuniambia neno. Mke mwenyewe ndiye Zuhura.

Zuhura ni mtu wa mjini, mtu wa pwani. Alikuja na udi, na sinia la shaba, na maneno ya "sisi kwetu Kivinje". Kwao Kivinje chai haipikwi hivi. Kwao Kivinje mtu hacheki akaonyesha fizi. Mimi ni Bi Mkubwa, yeye Bi Mdogo, na miaka yote tulipokuwa na mume tuligombana kwa adabu, naye Abilahi akikaa katikati anatafuna mua. Alipofariki, watu wa Miteja walingoja tugawane sufuria. Wangojee tu. Tumebaki nyumba moja mpaka leo, tunakula sinia moja hata siku tuliyonuniana, na siku hizo si chache.

Maisha yangu ndiyo hayo. Ninalotaka kuliandika ni la simu ya askari.

Nyumba yetu iko jirani na barabara kuu, hii ya lami iendayo Lindi na Mtwara. Mbele yetu pana tuta la kupunguza mwendo, na hapo kwenye tuta ndipo nilipoweka benchi langu nauza korosho za kubanika. Zuhura yeye anasuka mikeka. Ukindu wake anaupata ng'ambo ya barabara, kwenye bonde, kwa hiyo huvuka asubuhi na kurudi jua halijawa kali. Sikio lake la kulia halisikii sawasawa. Nalijua vizuri, kwa sababu siku asiyotaka kunisikia hunikalisha upande huo. La kushoto linasikia mpaka mchwa akitembea.

Asubuhi hiyo alikuwa anarudi, mtumba wa ukindu kichwani, ameshafika katikati ya barabara. Gari likatokea upande wa Somanga, upande wake wa kushoto. Gari la polisi, la wazi nyuma, bila askari mwingine ndani zaidi ya dereva. Magari yote yakifika pale hupunguza, hata malori ya wale vijana wanaokula mirungi. Hili halikupunguza. Nilimwona dereva kama ninavyoiona karatasi hii. Shingo ameilaza upande kama mtu aliyeamka vibaya, simu ameibana kati ya sikio na bega, na anacheka. Anacheka mpaka meno ya nyuma. Gari likaruka tuta, likapaa, na lilipotua ndipo alipomwona Zuhura, akakata usukani. Hakumpata mwili mzima. Alimpata kwa ubavu wa gari, pajani. Ukindu ukatawanyika barabara nzima, na mimi nikakimbia juu ya ukindu ule nikiteleza.

Sitamnyima haki yake. Alishuka, alimbeba Zuhura mwenyewe mikononi, alimwahisha hospitali. Mguu ukatiwa chuma, na Zuhura akaishi. Lakini kabla ya kumpakia, watu walipokwisha jaa, alisema neno moja. Alisema, "Nimepiga honi. Huyu bibi ni kiziwi, hakusikia."

Neno hilo likaondoka na gari likarudi kabla ya gari. Kituoni kwao wakasema kiziwi. Sokoni wakasema masikini, si unajua alikuwa kiziwi. Watu waliokaa na Zuhura kwenye harusi na matanga miaka yote, wakisengenya naye kwa kunong'ona, leo wakaanza kumpigia kelele usoni kama wanamwita mtu aliye kisimani. Mimi nikasema, honi haikupigwa, na yule alikuwa na simu begani. Nikaenda nikamwambia Abdulwahab, mwenyekiti wetu wa kijiji.

Abdulwahab akajikuna shingo. "Bi Kijakazi, askari amesema ilikuwa redio ya kazi. Mawasiliano ya kazi hayo. Anaruhusiwa."

"Redio ya kazi inabanwa begani?"

"Huenda ziko za aina nyingi."

"Na ilikuwa inamchekesha nini, mwenyekiti? Wezi walikuwa wanamsimulia hadithi?"

"Mama yangu," akasema, "wewe unauza korosho barabarani. Mimi nina vijana wa bodaboda hawana leseni hata mmoja. Unataka tuanze kutazamana na polisi kwa macho mabaya?"

Basi nikajua niko peke yangu.

Ningeweza kuacha. Watu wengi wameacha makubwa kuliko hilo. Lakini neno lile lilimfikia Ismael, mwana wa Zuhura, mwenye duka Lindi mjini. Ismael ni mtoto mzuri na mimi nimemwogesha, ila ana ile akili ya watu wa duka: kitu cha thamani kinawekwa kabatini. Aliposikia mama yake hasikii, akaamua. Mama anakwenda Lindi. Atakaa chumba cha uani, geti lenye komeo, msichana wa kumpikia. Hatatoka, maana barabara itammaliza. Nikamwambia mama yako anasikia. Akanijibu kwa heshima zote, "Mama mkubwa, polisi wamesema hasikii." Nikamwambia ni mimi niliyeona. Akasema, "Ulikuwa na mshtuko, mama mkubwa."

Zuhura alirudi kutoka hospitali akalala uso kautazamisha ukutani. Hakusema anataka kwenda, hakusema hataki. Nikampikia uji, akasema una madonge. Nikamwambia kwenu Kivinje wanaupikaje? Hakujibu. Hapo ndipo nilipoogopa. Zuhura kuacha kuniambia kwao Kivinje wanapikaje!

Siku ya kumchukua ikafika. Ismael akaja na gari la kukodi, vitu vya mama yake vikafungwa kamba: godoro, sinia la shaba, mikeka. Zuhura tukamkalisha barazani na mguu wake kaunyoosha. Na mwenyekiti naye akaona siku hiyohiyo ndiyo ya kuyamaliza, kabla mgonjwa hajaondoka. Akamleta askari. Jina lake Koplo Sixbert, kijana mnene kidogo, uso wa kupendeza, viatu vinang'aa. Alikuja na sukari na mfuko wa mchele, akavua kofia, akakaa mkekani kama mtu aliyelelewa.

"Shikamoo bibi," akaniambia.

"Marahaba." Salamu sikumnyima.

Akampa pole Zuhura, kwa sauti kubwa ya kuita ng'ombe. Zuhura akatazama mkeka. Mwenyekiti akasema maneno yake ya ajali haina kinga na tusameheane. Ismael akaitikia. Wote wakanigeukia mimi. Mimi nilikuwa nabangua korosho.

Sixbert akaona uso wangu haufunguki, akatafuta njia ya kuufungua. Kijana mjanja. Akasema, "Bibi, naona umeninunia kabisa. Wewe kabila gani?"

"Mmatumbi."

Akapiga kofi la furaha. "Aa! Kumbe nimekaa kwa watani zangu! Mimi Mngoni, bibi. Mngoni wa Songea. Babu zangu ndio waliowapandisha nyie mapangoni mkijificha nyuma ya kuku zenu!"

Mwenyekiti akacheka kwa kupata nafuu. Na wewe unayesoma, kama ulikulia mahali pasipo na watani, nikueleze. Babu zao na babu zetu walipigana, na vita vilipokwisha wakaachiana utani. Mtani anakutukana, unacheka. Anaingia msibani kwako anajilaza mahali pa maiti, unacheka. Anachukua kitu chako mbele ya macho yako, anasema nimekula utani, nawe hukasiriki wala hunyang'anyi. Unakikomboa kwa anachotaka yeye. Mwenye kukasirika ndiye mwenye aibu, na aibu hiyo inamfuata mpaka kwao. Ndiyo maana watu huuita utani pale wanapotaka jambo zito liishe kwa kicheko. Sixbert aliuita kwa sababu hiyo. Hakufikiri kwamba mlango ukishafunguliwa hata mwenye nyumba anaweza kuupita.

Nikaweka korosho chini. "Umesema mtani?"

"Mtani wa damu, bibi!"

"Mwenyekiti, umemsikia?"

"Nimemsikia."

"Ismael?"

"Nimemsikia, mama mkubwa."

"Haya. Basi sijanuna tena."

Baraza zima likapumua. Chai ikaletwa. Sixbert kapata raha, akaanza kututwanga. Mmatumbi akivuka barabara anatazama juu, anatafuta panya wa kubanika. Mmatumbi ukimpa kiti anakiuliza kwanza kama ni cha mzungu. Mimi nacheka, na nacheka kweli, maana kijana alikuwa na mdomo. Nikamwambia Mngoni mwenyewe alikuja huku na ngao ya ngozi kwa sababu tumbo lilikuwa kubwa, akaona aibu kulitembeza wazi. Watu wa njiani wakaanza kusogea. Kisha akasema, "Na huyu bibi mwenzio naye, masikio kawaachia wajukuu wachezee gololi!"

Wakacheka. Hata Ismael akatabasamu kidogo. Mimi sikucheka. Zuhura si Mmatumbi. Zuhura ni mtu wa Kivinje, hana utani na Wangoni hata kidogo. Yeye alitukanwa tu.

Na palepale, Mungu hana haraka lakini hachelewi, simu ya Sixbert ikalia. Mkono mmoja ana kikombe cha chai. Kwa mkono wa pili akatuonyesha kidole, yaani tungoje, sisi na mgonjwa na pole yake, akaitoa simu mfukoni, akaibana begani, shingo akailaza. Shingo ileile. Mimi nilikuwa nimekaa ubavuni kwake. Nikanyoosha mkono, nikaichomoa kama unavyochomoa korosho kwenye bibo.

"Nimekula utani," nikasema.

Nikaitia kifuani, chini kabisa, nikafunga kanga juu yake. "Haya, askari. Nipekue."

Lo! Kicheko kilichotoka hapo kiliwatoa watu majumbani. "Bi Kijakazi kamla utani askari!" Wanawake wa bombani wakaacha ndoo. Vijana wa bodaboda wakaja na pikipiki zao mpaka uani. Sixbert naye alicheka, lazima acheke.

"Umeniweza, bibi. Nakomboa kwa jogoo."

"Jogoo ninaye, na ana adabu kuliko wewe."

"Doti ya kanga."

"Hii niliyovaa inatosha, si unaona inavyohifadhi?"

"Sasa unataka nini, mtani?"

"Nataka uniambie mbele ya hawa: siku ile pale kwenye tuta, hii simu ilikuwa wapi?"

Kicheko kikakatika. Mwenyekiti akaanza kujikuna shingo.

"Bibi," Sixbert akasema polepole, "hilo si la utani."

"Wewe ndiye uliyelitia utanini. Masikio ya Zuhura umeyachezea sasa hivi na sisi tukakutazama. Au utani wenu Wangoni unakwenda upande mmoja, kama maji ya bomba?"

"Simu hiyo ina mambo ya kazi."

"Nimeambiwa ya kazi ni redio."

Uso ukambadilika. Akasimama, akavaa kofia. "Bibi Kijakazi, sasa nasema kama askari. Kuchukua simu ya askari aliye kazini ni kosa. Naweza kukuweka ndani."

"Niweke. Nitalala huko na simu yako kifuani, asubuhi wenzako watakuuliza ilifikaje."

Mwenyekiti akaja ananibembeleza, mama mrudishie, mama tutapata matatizo. Ismael kasimama karibu na gari lake, hajui aangalie wapi. Ndipo kijana mmoja wa bodaboda, Dionis, aliyekuja huku kutafuta maisha na asiyeficha kwamba yeye ni wa Songea, akapaza sauti: "Afande! Usituaibishe! Ukimfunga mtani wako, Songea utarudi na sura ya nani? Mimi nakwambia nitapiga simu nyumbani sasa hivi, na mimi siendeshi!"

Watu wakaangua kicheko. Sixbert akamtazama, akanitazama mimi, akakaa tena chini. Mngoni bado alikuwamo ndani ya yale mavazi.

Simu ikaanza kulia kifuani kwangu. Nikaitoa nikaiweka mbali na macho. Herufi zilikuwa ndogo, lakini ngumbaru sikwenda kufukuza inzi. A, F, A, N, D, E. Nikabonyeza kijani.

"Sixbert, uko wapi?" Sauti nzito, ya mtu aliyezoea kujibiwa.

"Sixbert amekaa hapa. Hii ni simu yake, mimi ni mtani wake."

"Nani?"

"Kijakazi binti Pazi wa Miteja. Nimeila utani, bado hajaikomboa. Na wewe mkubwa wake nikuulize, ukimpigia yuko kwenye usukani huwa anapokea?"

Nikasikia mtu anavuta pumzi. "Mama, mpe simu mwenyewe."

"Akikomboa," nikasema, nikabonyeza chekundu. Nikairudisha ilikotoka.

Sasa hakuna aliyecheka. Sixbert alikuwa anatoka jasho mpaka kwenye kola. Mimi nilikuwa na maneno mengine tele, nimeyapanga tangu siku ile ya ukindu, nikafungua mdomo niyamwage.

"Bi Mkubwa," Zuhura akasema, "hebu nyamaza kidogo."

Nikanyamaza. Naomba hilo nalo walisome watoto wa shule, maana halijatokea tena.

Zuhura akageuza uso kutoka kwenye mkeka. Hakupaza sauti. Aliongea ile sauti ya kwao, ya kumwaga mafuta. "Kijana. Honi ulipiga?"

Sixbert akatazama mguu. Mguu wenyewe ulikuwa umenyooka pale mbele yake, kovu linang'aa.

"Sikupiga, bibi."

"Sikukusikia vizuri. Mimi ni kiziwi."

"Sikupiga honi, bibi," akasema kwa nguvu, mpaka wa nje wakasikia.

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa naongea na simu."

"Ya kazi?"

Akatikisa kichwa. "Mke wangu. Alikuwa ananisimulia mbuzi aliyeingia kanisani kwenye harusi ya shemeji yangu, akala maua ya bibi harusi. Nilikuwa nacheka. Nilipoinua macho ulikuwa umeshafika mbele yangu."

Kuna mtoto akacheka kwa habari ya mbuzi, mama yake akamziba mdomo. Nikaingiza mkono kifuani, nikaitoa simu, imelowa. Nikaifuta kwa pindo la kanga nikampa.

"Umekomboa," nikasema. "Sasa nenda kamwambie afande wako maneno hayohayo. Nenda kwa miguu yako mbele yake, usimpigie."

Zuhura alikuwa ameshamgeukia mwanawe. "Umemsikia, Ismael?"

"Nimemsikia, mama."

"Na mimi umeona ninavyosikia?"

"Nimeona. Lakini mama, hata hivyo Lindi..."

"Fungua kamba."

Ismael hakufungua upesi. Alibishana mpaka adhana ya alasiri: mguu utauuguzaje huku, mama mkubwa naye mzee, nani atawachotea maji. Yote kweli, na yote hakuulizwa. Mwisho Dionis na wenzake ndio waliofungua kamba, wakateremsha godoro, na sinia la shaba likarudi kwenye msumari wake. Ismael akaondoka na gari tupu, amenuna. Siku hizi anakuja mara kwa mara na ameacha kumpigia mama yake kelele. Zuhura hatembei bila fimbo na ule mguu hautanyooka tena. Anasuka akiwa amekaa. Ukindu analetewa, na kila anayeuleta anaambiwa kwao Kivinje hawachumi ukindu mkavu namna hii.

Sixbert alikwenda akasema. Najua alisema kwa sababu mkubwa wake alikuja mwenyewe nyumbani kwetu, akamwomba Zuhura radhi, na habari ya kiziwi ikafa. Usukani walimnyang'anya, anakaa nyuma na wenzake. Wako watu hapa Miteja wanasema nilimharibia kijana kazi. Mwenyekiti anasema tangu siku ile vijana wa bodaboda wanasimamishwa mara mbili zaidi, na lawama ni zangu. Nimewaambia wote, nileteeni lawama hapa kwenye benchi, nitazibanika pamoja na korosho. Kama vijana hawana leseni, wakatafute. Kama askari hawezi kuendesha bila kuongea, akae nyuma aongee. Mavazi ya serikali hayalifanyi paja la mtu kuwa gumu.

Na haikuishia kwa Sixbert. Wiki iliyopita gari lingine lilipita pale kwenye tuta, nalo la polisi, dereva mwingine, kidole kinachezea kioo cha simu mapajani, macho huko chini. Nikasimama na mwiko wangu wa korosho nikaupiga ubavu wa gari. Akasimama, akashusha kioo, akaniuliza kama najua yeye ni nani. Nikamwambia hata ungekuwa nani, weka chini. Akaniita bibi mkorofi. Ni kweli, sikubisha. Lakini aliiweka, na mpaka anapotea kwenye kona nilikuwa nimesimama katikati ya lami nikimtazama. Nitasimama tena kesho. Wakitaka kuniondoa, wanajua nyumba.

Sasa wewe uliyefika hapa, usiniambie pole wala usimpelekee Zuhura sukari, sukari tunayo. Siku utakayopanda gari, liwe la polisi, la mkuu wa wilaya, la shule au la shemeji yako, na dereva akapeleka simu sikioni, usigeuke kutazama dirishani. Mwambie aiweke chini. Mwambie kwa sauti, wenzako wasikie. Kisha uje Miteja, uulize kwa Kijakazi, pale kwenye tuta, unitajie jina lake na alivyokujibu. Na kama ulinyamaza, uje tu, ukae kwenye benchi langu uso kwa uso, uniambie ulikuwa unamwogopa nani.